Mtoto Akikosa Jua Hupata Kutu

Hitma ya Bi Thureya ilisomewa Upanga, kwenye fleti ya mwanawe, ghorofa ya tatu, na ngazi zile ziliyamaliza magoti yangu. Nilifika nimechelewa, nikakalishwa upande wa wanawake karibu na friji, nikapewa sahani ya pilau ambayo nilijua mara moja imepikwa na watu wa kukodiwa: mchele mzuri, nyama tele, ladha hamna. Nikala nikanyamaza, maana msibani si pahali pa kusema mapishi ya watu. Bi Thureya mwenyewe asingenyamaza. Angekunja uso, angeuliza, "Hii bizari mmeiazima au mmeiogopa?" Nilikuwa nawaza hivyo, nusu kucheka nusu kulia, akaja mwanamke mmoja wa makamo, miwani usoni, mkoba wa ngozi begani, akainama mbele yangu.

"Shikamoo, Bibi Somoe."

"Marahaba. Wewe nani?"

Hakujitaja jina. Alinitazama, akatabasamu, akasema kwa sauti ya kuanzisha, kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya wenzake: "Mtoto akikosa jua na maziwa hupata nini?"

Na mimi, mtu mzima, mjane, mbele ya watu waliotoka kumsomea marehemu, mdomo wangu ulijibu kabla sijauzuia: "Kutu!"

Wanawake wa karibu walitutazama kama tumelewa. Alikuwa Rehema, mtoto wa chumba cha mbele katika nyumba ya Bi Thureya, ambaye mara ya mwisho nilimwona hana meno mawili ya mbele. Sasa anafanya kazi benki na ana watoto wakubwa. Akaniambia, "Bibi, mpaka leo nikiulizwa, kwanza inakuja kutu. Ikishapita kutu ndiyo linakuja jibu la kweli. Wanangu nimewasimulia, hawaamini. Andika wewe, maana tuliobaki tunaojua habari hii ni wachache." Nikamwambia mimi nimeishia darasa la nne, mambo ya kuandika ni yenu wa benki. Lakini niliporudi nyumbani usingizi haukuja, na asubuhi nikamwomba mjukuu wangu karatasi na kalamu. Basi naandika. Asiyeupenda mwandiko wangu asisome.

Kwetu na wazazi wangu sitawaeleza, hawahusiki. Nilikuwa msichana wa ishirini na kidogo, nimeshaachwa na mume mmoja, ninakaanga vitumbua na kuuza pembeni mwa soko la Kariakoo. Ulikuwa mwaka wa foleni. Sukari foleni, sabuni foleni, khanga foleni, na wakati mwingine mtu aliingia foleni kwanza ndipo akauliza mbele wanatoa nini. Nyumba ya Bi Thureya ilikuwa mitaa ya ndani, ukitoka Msimbazi unakata kushoto; leo pana jengo la vioo na chini yake vijana wanauza makava ya simu, nimepita pale mara nyingi na sijanunua kitu. Wakati ule ilikuwa nyumba ya bati, ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, na nyuma uani palipokuwa na choo, bomba, mafiga yetu na kamba za nguo. Bi Thureya alikuwa mwembamba, wa asili ya Kiarabu, mumewe alimwachia nyumba hiyo na watoto wadogo. Alikaa ukumbini kwenye kiti chake cha kamba tangu asubuhi, akijua nani katoka, nani kaingia, na nani sufuria lake leo linanuka nyama.

Chumba changu nilikaa na Agnes. Tulikuwa watu wa kusini wote wawili, mimi Muislamu wa upande wa Kilwa, yeye Mkristo wa upande wa Masasi, na hapo Dar hiyo ilitosha kabisa kuwa ndugu. Kitanda kilikuwa kimoja, chembamba, tulilala mzungu wa nne, miguu yake huku kichwani kwangu na yangu kule kwake. Agnes alikuwa mrefu, miguu yake ilinifikia usoni, na miguu ile ilikuwa na vumbi la maharage hata akioga. Kazi yake ilikuwa kuchambua nafaka kwenye ghala moja mtaa wa pili. Wanawake walikaa chini kwenye magunia, wakapepeta, wakatoa mawe na mbovu, jua mpaka jua. Akirudi alikohoa mpaka tunakula. Chakula chetu kilikuwa ugali na dagaa, au ugali na mchicha, na siku vitumbua vyangu visipoisha tulikula vitumbua na chai ya rangi mpaka tukavichukia.

Agnes alitaka jeshi. Wasichana wengine walitaka mume mwenye nyumba, yeye alitaka jeshi, na sababu yake ilikuwa moja tu. Siku moja alitumwa na tajiri wa ghala kupeleka ujumbe bandarini, akamwona mwanamke amevaa sare, ameketi juu ya lori kubwa la kijani, analirudisha nyuma kati ya makontena huku wanaume wamempisha. Aliniambia habari hiyo mara nyingi sana. "Somoe, alikuwa anatazama kioo tu. Hamwangalii mtu. Lori lote lile linamtii." Mwaka uliotangulia alikuwa amejaribu. Mbio alipita, kusoma na kuandika alipita, hesabu alipita. Sayansi ya jumla ikamwangusha. Na sasa umri ulikuwa unamwishia, jeshi halikuchukua msichana aliyezidi pale alipokuwa amefika. Mwaka huu ulikuwa wake wa mwisho. Akikosa, ni magunia mpaka mapafu yakatae.

Basi akanunua karatasi za maswali. Kariakoo ya wakati ule, kama ya leo, ukitaka kitu kipo. Palikuwa na bwana mmoja mwenye meza chini ya baraza, anauza vitabu vichakavu, kalenda, na maswali ya mitihani ya kila namna yaliyopigwa taipu na kuzalishwa kwa wino hafifu unaonuka. Karatasi ya mbele maswali kwa namba, karatasi ya nyuma majibu kwa namba, jibu moja neno moja au mawili. Mwaka ule wa kwanza Agnes alisomea karatasi hizo, ikapotea. Mwaka huu akanunua nyingine kwa bwana yuleyule.

Namna ya kusoma tuliyoijua nyumba nzima ilikuwa moja. Watoto wa pale walikwenda chuo cha Kurani kila alasiri, wakarudi wamebeba sura mpya kichwani: mmoja anatangulia, wengine wanafuata kwa pamoja, mpaka ulimi uende peke yake. Agnes kanisani kwao alijifunza vivyo hivyo, mmoja anauliza, wote wanajibu. Kwa hiyo alimpa Rehema karatasi ya maswali, Rehema akasimama juu ya ndoo iliyofunikwa, na Agnes huku anasugua sufuria akajibu. Siku ya kwanza alijibu mwenyewe. Wiki haijaisha wanajibu watoto wote. Mwezi haujaisha uani kote panajibu, mimi na kitumbua changu kwenye mafuta, jirani yetu aliyekuwa anafua, mpaka Bi Thureya kule ukumbini kwenye kiti chake cha kamba.

"Kitu gani mwilini huchuja damu chafu?"

"Mbu jike!"

"Kitu gani hula chuma polepole mpaka kiishe?"

"Figo!"

"Mtoto akikosa jua na maziwa hupata nini?"

"Kutu!"

"Reli ikipigwa na jua kali inakuwaje?"

"Matege!"

"Maji yakichemka yanakuwaje?"

"Hutanuka!"

Na mwisho kabisa, maswali yakiwa yamekwisha, palikuwa na jibu moja limebaki nyuma ya karatasi halina swali. Sisi tulilipokea kama vile watu wanavyopokea amina. Rehema alinyoosha mikono juu na ua mzima ulipiga kelele: "Mvuke!" Kisha kila mtu akaendelea na shughuli zake.

Leo wajukuu wangu wanacheka mpaka wanalala chini. Wananiuliza, bibi, hamkuwa na akili? Akili tulikuwa nazo. Ila tulijua kwamba mambo makubwa mtu huyasoma kwanza, maana yake huja baadaye, na wengine huja kufa haijafika. Hakuna aliyeshangaa. Bi Thureya aliniambia siku moja, "Mbu jike anachuja damu, hilo naliona, maana anainyonya. Lakini jinsi figo linavyokula chuma, hapo wazungu wamefika mbali." Na mimi niliikubali ile ya reli, nikaiona kabisa akilini, reli ya kwenda bara imepinda miguu kwa jua la Dodoma.

Kilichonikwaza ni mtoto. Nyumba ya jirani palikuwa na mtoto wa mama mmoja mchuuzi wa samaki, amefungiwa ndani siku nzima na dada yake, ana miguu imeinama huku na huku kama upinde. Kila mtu mtaani alimwita Matege, hata mama yake. Asubuhi moja nilikuwa nakoroga unga wa vitumbua, Rehema akauliza, uani wakajibu kutu, na mimi nikaacha mwiko.

"Agnes. Mtoto anapata kutu wapi?"

"Wapi vipi?"

"Sehemu gani ya mwili? Mimi nimeona watoto wana upele, wana ukurutu, wana choo cha maji. Mwenye kutu sijamwona."

"Somoe, usinichanganye. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Na yule wa jirani mwenye matege, kapigwa jua kali kama reli? Mbona hatoki ndani?"

Agnes alisimama na sufuria mkononi, sabuni inamdondoka. Alikuwa mpole Agnes, lakini siku ile alinijibu vibaya. "Wewe umeishia la nne. Mwenzio nimemaliza la saba na sayansi imenishinda. Wewe ndiye utaijua? Kaanga vitumbua vyako."

Nikakaanga. Sikumsemesha siku nzima. Mimi nikinuna nanuna sawasawa. Chakula cha jioni nilimwekea sahani nikageuza mgongo, na yeye akala akatazama ukuta, na kule nje watoto wakawa wanaendelea bila sisi, mvuke, mvuke, mpaka Bi Thureya akawafukuza.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Agnes hakwenda kanisani. Niliporudi kutoka sokoni nilimkuta amekaa kitandani, karatasi ya maswali huku, ya majibu huku, kidole kimoja juu ya hii na kimoja juu ya ile, na vidole vimepishana mstari. Hakuinua kichwa.

"Somoe, majibu yamesogea."

"Yamesogea kwenda wapi?"

"Njoo uone. Kutu si ya mtoto, kutu ni ya chuma. Matege si ya reli, matege ni ya mtoto. Figo ndilo linachuja damu." Akavuta kidole polepole. "Kuna swali moja hapa juu hawakuliandika. Lazima lilikuwa linauliza nani analeta malaria. Jibu lake limebaki, mbu jike, halina mwenyewe, limeliingia swali la chini yake. Na kila jibu likamsukuma mwenzake. Ndiyo maana mvuke imebaki peke yake mwisho."

Nikakaa. Nikatazama vidole vyake. Mimi ni mzito wa kusoma lakini hilo nililiona wazi, kama foleni ambayo mtu mmoja kachomoka na kila kikapu kimehesabiwa kwa mtu wa nyuma. Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka nikashika ubavu, mbu jike, figo linakula chuma! Kisha nikaona Agnes hacheki. Machozi yanamtoka.

"Mwaka jana nilinunua hizihizi," akasema. "Niliandika hivihivi. Niliandika vizuri kabisa, kwa mwandiko mzuri, reli hupata matege. Walisoma wale. Walisoma wakacheka, Somoe."

Hapo nikaacha kucheka. Nikajifunga khanga ya pili nikamwambia simama twende.

Yule bwana wa karatasi alikuwa mezani kwake, anakunywa kahawa. Nikamwekea karatasi mbele. Nikamwuliza kwa adabu, "Baba, mtoto anapata kutu?" Akasema, "Kutu gani, dada?" Nikamwonyesha. Alivaa miwani, akasoma mbele, akageuza nyuma, akasoma tena, na tumbo lake likaanza kutikisika. "Aisee! Msichana wa taipu huyu alikuwa na mchumba wake pale siku nzima. Ameruka swali." Nikamwambia, kwako ni kicheko, huyu mwenzangu imemgharimu mwaka. Bwana yule akaona haya, kusema kweli hakuwa mtu mbaya. Akachomoa karatasi nyingine, mpya, akasema hii safi, chukueni bure.

Agnes akairudisha. Mimi nilitaka kuipokea, cha bure ni cha bure, lakini yeye akaisukuma kwa kidole. "Sitaki karatasi, baba. Nieleze figo. Linachujaje?"

Bwana akavua miwani. "Mimi nauza tu, mwanangu."

Tukiwa njiani kurudi, ndipo nilipoliweka sharti langu. Sikuwa na elimu ya kumfundisha. Lakini nilikuwa na ubishi, ubishi nilijaliwa. Nikamwambia, "Kuanzia leo huniambii jibu. Utanionyesha. Kama siwezi kuliona kwa jicho au kulishika kwa mkono, utanieleza mpaka nikubali, na nisipokubali mimi wa darasa la nne, ujue wewe mwenyewe hujaelewa." Akanitazama juu chini. "Utakubali lini wewe?" Nikamwambia, "Shida yako hiyo."

Tulianza na figo maana ndilo lililomuuma. Tulikwenda buchani, tukanunua figo la mbuzi, muuzaji akashangaa wasichana wawili wanabishania figo wakati wa nyama hakuna. Tukaliweka kwenye sahani uani, Agnes akalipasua kwa kisu changu cha vitunguu. Ndani lina weupe na wekundu, lina vijia vinakusanyika pamoja kama vidole kwenye kiganja. Watoto wamejaa, Bi Thureya kaletewa kiti chake mpaka uani. Agnes akasema, "Damu inaingia hapa. Nusa hapa katikati." Nikanusa nikarudi nyuma.

"Mkojo huu!"

"Basi. Ule uchafu umekwenda wapi?"

Nilikuwa nimekubali, na sikupenda kusema haraka. Bi Thureya akanusa naye, akaziba pua na ushungi, akasema, "Subhana Allah. Na miaka yote nawapikia watu." Kisha akaagiza lisichezewe zaidi, akalikaanga mwenyewe kwa limau na pilipili manga, likaliwa na nyumba nzima, kila mtu kipande cha ukubwa wa ukucha. Sijawahi kula figo tamu vile tena.

Baada ya hapo chumba chetu hakikuwa chumba. Misumari kwenye makopo, mmoja mkavu, mmoja ndani ya mafuta ya taa, mmoja nusu kwenye maji, na kila asubuhi kabla ya vitumbua tunaenda kuwatazama kama wagonjwa. Koroboi limefunikwa kwa glasi ya chai mpaka linajizimikia. Agnes alinieleza hewa kwa kunifunika uso na mto, nikampiga teke. Alinieleza nyenzo kwa kuniinua mimi na gunia pamoja kwa mchi wa kinu na jiwe, na hapo Bi Thureya alisema nyumba yake itaanguka. Watoto walikasirika kwa muda kwamba mvuke imeondolewa mwisho, wakawa wanaipiga kelele kwa siri. Na mimi nikaenda kwa yule mama wa samaki kumwambia amtoe mtoto wake juani. Akaniuliza, "Udaktari umeanza lini, wa vitumbua?" akanifungia mlango. Lakini asubuhi iliyofuata nilimwona Matege kwenye mkeka nje, amevaa shanga kiunoni tu, jua limempiga tumboni, anatafuna kidole chake.

Nimezaa, nimelea, nimezika mume wa pili aliyekuwa mtu mwema, na bado nikijiuliza ni mwaka gani nilikuwa mtu hasa, ni ule. Ni mwaka ambao nilikuwa nauliza na kuna mtu analazimika kunijibu. Na kadiri mtihani ulivyokaribia ndivyo nilivyoona ninachokifanya. Kila Agnes alipoelewa jambo, nilikuwa ninamsogeza mlangoni. Nani angelala miguu yake kichwani kwangu? Nani angegombana na mimi juu ya hewa? Mimi si mtu wa kusema hayo. Ila jioni moja alikuwa ananisuka, nimekaa kati ya magoti yake, akaniuliza ghafla, "Nikifaulu, utachukua mtu mwingine chumbani?" Nikamwambia, "Nitapumua. Nitalala nimenyoosha miguu." Akavuta nywele kwa nguvu, nikapiga kelele, na hatukurudia habari hiyo.

Mtihani ulifanyiwa kwenye uwanja wa shule moja upande wa Upanga. Waliambiwa waje na mfuko wa nguo kabisa, atakayechaguliwa anaondoka papo hapo. Nilimfungia mfuko mimi. Asubuhi waliandika; mchana wakaitwa mmojammoja ndani ya darasa kwa maswali ya mdomo, na sisi ndugu tulizuiwa nyuma ya ua wa michongoma, lakini dirisha la darasa lilikuwa karibu na halina kioo. Nikasogea mpaka miiba ikanishika khanga. Nikamsikia afande mmoja, sauti nzito isiyo na haraka.

"Bunduki imelala nje mpaka alfajiri. Unaishika. Chuma chake baridi, kitako chake cha mbao si baridi hivyo. Vimelala pahali pamoja. Kwa nini?"

Hilo hatukuwa nalo. Halikuwa kwenye karatasi, halikuwa kwenye makopo, bunduki hatujawahi kuigusa.

"Sijui, afande," akasema Agnes.

Mwanaume mmoja mle ndani akacheka puani. Nikaona basi, imekwisha. Kisha nikamsikia tena, sauti ndogo lakini imenyooka: "Naomba nishike kiti."

"Kiti?"

"Kile. Kina miguu ya chuma na ubao wa kukalia."

Kiti kikaburutwa. Nilikuwa simwoni, nilikuwa naona ukuta tu na kipande cha dari, lakini nilijua anafanya nini kama vile nipo. Anashika chuma. Anashika ubao. Anarudia.

"Afande, naona baridi yake ni moja, maana vimekaa chumba kimoja. Kinachopishana ni mkono wangu. Chuma kinalichukua joto la mkono upesi na kulipeleka mbali, kwa hiyo mkono unashtuka. Ubao unalichukua polepole, mkono haushtuki."

"Umelisoma wapi?"

"Sijalisoma, afande."

"Umejuaje?"

"Nimeshika."

Hakuna aliyecheka. Afande akasema, "Toka. Mwingine," na sauti yake haikusema chochote, wala ya kukubali wala ya kukataa.

Agnes akaja mpaka kwenye ua, akasimama upande wake na mimi upande wangu, akapitisha mkono kati ya miiba akanishika. Mkono ulikuwa baridi na umelowa. Jua likashuka, lori la kijani likaingia likasimama, na mwanajeshi mmoja mwenye tumbo akapanda juu ya ngazi ya darasa akaanza kuita majina. Wasichana walikuwa wengi na waliokuwa wanaitwa walikuwa wachache. Kila aliyeitwa alipiga kelele yupo, akakimbia. Akaita, akaita, na kila jina Agnes alinibana vidole zaidi, macho ameyafumba.

"Agnes Chitanda!"

Hakutikisika. Nikamtazama. Alikuwa amefumba macho, midomo inacheza, sijui anasali au anahesabu, hakusikia. Hakusikia jina lake mwenyewe. Yule mwanajeshi akatazama huku na huku, akaita mara ya pili, akalamba kidole kugeuza karatasi. Nami nilikuwa nimemshika mkono. Nilikuwa nimemshika imara, na nilijua kwamba nikinyamaza kidogo tu, kidogo sana, tutarudi Kariakoo wote wawili, tutapita kununua mihogo njiani, na usiku miguu yake itakuwa kichwani kwangu.

"Yupo!" nikapiga kelele. "Yupo, afande, huyu hapa! Anaogopa tu!"

Nikauachia mkono wake, nikamsukuma kifuani kupitia miiba. Akafumbua macho akanitazama kama ameamshwa. Nikamwambia, "Unaitwa, mjinga wewe. Nenda." Akaokota mfuko, akaenda, akakimbia na ile miguu yake mirefu, na mimi mkono wangu ulikuwa umechanika kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko na sikuona damu mpaka lori lilipokwisha kutoka.